Noon Ilikuwa Saa Tisa

Jedwali lile unalijua. Lilibandikwa ukutani darasa la tatu, au lilikuwa kwenye kurasa za mwanzo za kitabu cha Kiingereza, au mwalimu alilichora ubaoni kwa chaki mkalinakili. Kushoto saa, kulia salamu. Kuanzia usiku wa manane hadi saa sita mchana, "Good morning". Kuanzia saa sita mchana, "Good afternoon". Jua likishuka, "Good evening". Na chini kabisa, kwa wino mwekundu kama onyo la nguzo ya umeme, "Good night", na mbele yake maelezo: husemwa wakati wa kuagana tu. Wengi wetu tuliliimba jedwali hilo kabla hatujajua kuomba maji ya kunywa kwa Kiingereza.

Nina ugomvi nalo. Sina ugomvi na Kiingereza. Ninakisoma, ninakiandikia tasnifu yangu ya uzamili, na kazi ndogo ndogo za tafsiri ndizo zinazonilipia kodi ya chumba. Ugomvi wangu ni kwamba jedwali lile lilitumwa kazi moja likafanya mbili. Lilitumwa kutufundisha maneno matano ya watu fulani. Likaishia kutufundisha kwamba siku yenyewe imekatwa hivyo, kila mahali na kwa kila mtu, na kwamba anayeikata vingine hajui kusoma saa.

Tuanze na neno linalobeba jedwali zima: "noon". Asili yake ni Kilatini, nona hora, yaani saa ya tisa. Ya tisa kuanzia wapi? Kuanzia jua kuchomoza. Warumi waliugawa mchana sehemu kumi na mbili, ya kwanza ikianzia macheo na ya mwisho ikiishia machweo. Saa yao ya tisa iliangukia alasiri, pale ambapo simu yako leo ingeandika 3:00 PM na bibi yako angesema, bila kuangalia simu ya mtu, saa tisa. Kanisa liliirithi kuwa saa ya sala, na neno likaingia Kiingereza cha kale likiwa bado na maana ya alasiri. Kisha sala ile ikaanza kusogezwa mapema, kidogo kidogo, neno likiburutwa nayo, hata kufikia karne ya 14 lilikuwa limeshatua katikati ya mchana. Ndiko liliko mpaka leo. Kwa hiyo "afternoon" ya jedwali letu, ukiifumua nyuzi zake, ni "baada ya saa ya tisa". Nayo inaanza saa sita.

Sisemi haya ili kuwacheka Waingereza. Maneno huhama, hata yetu yamehama. Nayasema kwa sababu tumeambiwa, tangu tukiwa na kaptura, kwamba kioja ni sisi. Mshale uko kwenye 7 nanyi mnasema saa moja. Mnasoma saa kinyume. Nimeyasikia haya kwa wageni, sawa, mgeni hana budi kushangaa. Lakini nimeyasikia zaidi kwa wenzangu wenye shahada, tena kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa niaba ya ukoo wake. Hakuna anayekumbuka kuwaambia kwamba Waethiopia husoma hivyo hivyo, Waganda husoma hivyo hivyo, na kwamba Ulaya yenyewe ilihesabu kuanzia macheo kwa karne nyingi kabla ya kuletewa saa ya mnara.

Kama una Biblia ya Kiswahili karibu, fungua Injili ya Mathayo penye habari za kusulubiwa. Giza linaingia saa sita na kudumu hadi saa tisa. Msomaji wa Njombe au wa Tanga hahitaji maelezo yoyote. Anajua jua liko wapi saa sita, na anaona ajabu ya giza hilo mara moja. Msomaji wa Biblia ya Kiingereza ya 1611 anakutana na saa ya sita na saa ya tisa vilevile, lakini kwake saa sita ni wakati wa kuamka au wakati wa chakula cha jioni, kwa hiyo lazima atafutiwe maelezo pembeni ya ukurasa. Nenda sasa sura ya 20 ya injili hiyo hiyo, kwa yule mwenye shamba la mizabibu anayetoka sokoni mara kwa mara kuajiri vibarua. Wa mwisho anawapata saa kumi na moja. Kutoka hapo Kiingereza kimetengeneza msemo wake maarufu, "the eleventh hour", wenye maana ya dakika za mwisho kabisa. Mwulize anayeutumia: kumi na moja ya nini? Saa yake ya kumi na moja asubuhi watu wako kwenye chai ya ofisini. Saa yake ya kumi na moja usiku watu wamelala. Hakuna kinachokwisha katika saa yoyote kati ya hizo. Kibarua wa Kilombero ndiye anayeuelewa msemo huo kwa mwili: saa kumi na moja jioni, jembe linaoshwa, mwanga umebaki wa saa moja tu. Waingereza wamekuwa wakitembea na msemo ambao saa yao wenyewe haiwezi kuufasiri, na hakuna aliyewapa alama ya sifuri.

Sifuri tunapewa sisi. Niliwahi kujitolea kufundisha masomo ya ziada ya usiku, katika shule ambayo haina haja ya kutajwa. Kijana mmoja wa kidato cha kwanza aliingia saa mbili usiku, nje giza totoro, akanisalimia kwa heshima zote: "Good night, teacher." Darasa likaangua kicheko. Walicheka kwa sababu walifundishwa kucheka. Wino mwekundu unafanya kazi yake. Lakini angalia hesabu ya kijana yule. "Night" ameambiwa ni usiku. Sasa ni usiku. Asubuhi alisema "Good morning" na kupongezwa. Mchana alisema "Good afternoon" na kupongezwa. Usiku ameendelea na kanuni ile ile na amekuwa kichekesho. Kosa liko wapi? Na hapa ndipo ninapopenda kuwauliza walimu wa Kiingereza kama wameshawahi kumsikia mtu wa Trinidad. Huko, jua likishazama, "Good night" ni salamu ya kukutana. Unaingia dukani saa mbili usiku unaisema, nao wanaijibu. Kiingereza chao ni cha kuzaliwa nacho. Kusini mwa Marekani nako wapo ambao kwao "evening" inaanza mara tu baada ya saa sita mchana, wakati jedwali letu bado linawalazimisha watoto waseme "afternoon". Jedwali halikubaliani hata na wenye lugha.

Na hata huko England kwenyewe, maneno haya hayafuati jua kama tulivyoambiwa. Mwezi Juni, London, jua huzama mnamo saa tatu na dakika ishirini. Usiku, ndiyo, saa tatu na dakika ishirini usiku, na jua bado linawaka mtu usoni. Desemba linazama kabla ya saa kumi alasiri, watoto wakitoka shule. Dar es Salaam, kwa mwaka mzima, macheo ya mapema kabisa na ya kuchelewa kabisa hayapishani hata saa nzima. Basi fikiria "evening" imezaliwa wapi. Imezaliwa mahali ambapo huwezi kuliamini jua likueleze ni wakati gani, kwa hiyo neno limejishikiza kwenye kazi za watu: umetoka kazini, hujaenda kulala, hiyo ndiyo "evening", kuwe na giza kusiwe na giza. Jioni yetu ni kitu kingine. Jioni ni mwanga unaopungua. Ukishakwisha, ni usiku, hata kama hujala wala hujavua viatu.

Hiyo ndiyo tofauti ambayo jedwali limeifuta kwa alama ya ni-sawa-na. Morning ni sawa na asubuhi. Evening ni sawa na jioni. Ndiyo maana nimekutana, mara zisizohesabika, na habari zilizotafsiriwa zikisema moto ulizuka "saa nane asubuhi". Saa hiyo haipo. Mwandishi aliona "two in the morning", akakumbuka jedwali. Kwa Mwingereza "morning" inaweza kuanza pale tu tarehe inapobadilika. Kwetu saa nane hiyo ni usiku wa manane; hata jogoo la kwanza halijawika.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya wanaisimu wasio na kazi. Niwaambie kuhusu shangazi yangu.

Shangazi ana kisukari na anaishi Mbagala. Mwaka jana kituo kimoja cha afya kilianza kuwatumia wagonjwa ujumbe wa simu kuwakumbusha siku ya kliniki, jambo jema, nami nililifurahia. Ujumbe wake ulisema afike Jumanne, "saa 2:00 mchana". Wewe msomaji uliyesoma mpaka chuo, ubongo wako umeshacheza ule mchezo: mbili, mchana, aha, two p.m., saa nane. Shangazi hakucheza. Alisoma Kiswahili kama Kiswahili. Saa mbili ziko mbili, moja ya mchana na moja ya usiku. Ujumbe umesema ya mchana, basi si ya usiku. Mchana ni kinyume cha usiku, hiyo ndiyo maana yake ya kwanza. Akatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili awahi foleni. Alitoka bila kunywa chai, akijua kabla ya saa nne atakuwa amesharudi.

Saa mbili ikapita. Saa nne ikapita. Hakuthubutu kwenda kutafuta chakula, aliogopa jina lake lisiitwe akiwa hayupo. Saa sita akaenda dirishani kuuliza, na kijana wa mapokezi akamwambia kwamba amewahi mno, miadi yake ni saa nane, kisha akaongeza kwa upole ule unaoumiza kuliko ukali: "Mama, saa hujui kusoma?" Ilipofika saa saba mikono ilikuwa inamtetemeka. Mama mmoja aliyekaa naye benchi moja ndiye aliyemwona, akamkatia andazi na kumpa juisi ya mtoto wake. Kama mama yule asingekuwepo, sijui ningekuwa naandika makala ya aina gani.

Jioni nilipomwamkia na kumwuliza ilikuwaje, jibu lake lilikuwa fupi. "Saa naijua, mwanangu. Hao ndio hawaujui mchana."

Hakuna katika mlolongo ule aliyekuwa na nia mbaya. Mtu fulani alitengeneza programu kwa Kiingereza, ikasema 2:00 PM. Mtu mwingine akalipwa kuigeuza Kiswahili, akafungua jedwali lililomo kichwani, akaona PM ni mchana, akaiacha 2 mahali ilipo kwa sababu tarakimu hazina lugha. Hilo ndilo kosa lenyewe. Tarakimu za saa zina lugha. Jaribu kubadili lugha ya simu yako kuwa Kiswahili: menyu itabadilika, majina ya siku yatabadilika, saa itabaki vilevile. Umevalishwa kanzu juu ya suruali ya mtu.

Najua hoja inayofuata. Dunia inatumia saa ya Kizungu. Ndege, benki, maombi ya udhamini wa masomo, vyote vinatumia hiyo. Tuache ya kwetu tupumzike. Nijibu kwanza kwamba ndege haitumii jedwali lile. Ratiba za ndege huandika 14:00, kwa sababu hata wao wanajua AM na PM ni matope. Hebu niambie, 12:00 PM ni lini? PM ni kifupi cha Kilatini cha "baada ya jua kufika katikati". Sasa saa sita mchana ndipo jua lilipo katikati, imewezaje kuwa baada ya yenyewe? Vyuo vya nje hupanga mwisho wa kupokea maombi saa 11:59 PM, dakika moja kabla, na nina hakika si kwa kupenda mapambo. Kwetu, saa sita mchana na saa sita usiku hazijawahi kumpoteza mtu njia. Utata wetu uko penye siku, hapo nakiri: mtu wa pwani akisema usiku wa Ijumaa huenda anakusudia ule unaotangulia Ijumaa, kwa kuwa kwake siku huanza jua likizama, na mtu wa bara anakusudia ule unaofuata. Lakini angalia tulivyoumaliza utata huo. Tumeunda usemi mzima, usiku wa kuamkia Ijumaa, na magazeti yote yanautumia. Kiingereza hakina kitu kama hicho. Kinazunguka zunguka na "late Thursday night, early Friday morning".

Na pili, hakuna anayeomba upumziko huo. Kondakta wa daladala, muuza tiketi wa stendi, mama ntilie anayepika kwa ajili ya mafundi wa Kichina, hao wote hugeuza saa hadi saa kwa kasi ambayo mimi sina kwa kugeuza shilingi kuwa dola. Anayelalamika ni yule aliyesoma, aliyeingiwa na aibu.

Ila nisiachwe upande wa wale wanaovaa saa ya Kiswahili kama hirizi. Kuna kundi mitandaoni linalosema saa yetu ni ya asili na ya Wazungu ni ya mashine, kwamba sisi tunaishi na jua wao wanaishi na betri. Ni uongo mtamu. Mtu wa London angehesabu kuanzia macheo, saa moja yake ya Desemba na saa moja yake ya Juni zingepishana zaidi ya saa tatu. Asingeweza kupanga hata mazishi. Kuanza hesabu usiku wa manane kwake ni busara, kama ilivyo busara kwetu kuanza na macheo yasiyohama. Hata huko, saa moja kwa nchi nzima ni jambo la juzi. Hadi miaka ya 1840 Bristol ilikuwa nyuma ya London kwa dakika kumi hivi, kila mji na adhuhuri yake, mpaka reli ilipodai ratiba moja. Jengo la Exchange la Bristol lina saa yenye mishale miwili ya dakika, mmoja wa kwao na mmoja wa London. Sheria ya kuwalazimisha wote ilikuja 1880. Watu wale waliishi na mishale miwili kwenye uso mmoja wa saa na hawakuitana wajinga. Mimi nataka hiyo tu, mishale miwili.

Maana yake kwa darasani si ngumu. Mtoto aambiwe ukweli: haya ni maneno ya watu wa huko, wanayatumia hivi, na wengine wao hawayatumii hivi. Aambiwe kwamba salamu za Kiingereza zinauliza maswali mawili, saa ngapi na tunakutana au tunaachana, na kwamba Kiswahili cha pwani kimekuwa kikiuliza yote mawili siku zote. Sabalkheri asubuhi. Masalkheri jioni, tunapokutana. Alamsiki usiku, tunapoachana. Laiti kijana yule wa kidato cha kwanza angeanzia hapo, "Good evening" na "Good night" zingemwingia kwa dakika tano, maana tayari angekuwa nazo. Badala yake tumeachia maneno hayo yazeeke na bibi zetu, kisha tukaingia kwenye simu kutumiana "asubuhi njema" yenye picha ya kikombe cha kahawa na waridi, kana kwamba mpaka Mwingereza alipofika hatukuwahi kuambizana neno jema kukicha.

Na tunayo mengine ambayo hakuna jedwali litakaloyapokea. Mafungulia ng'ombe, ile asubuhi iliyokwisha kukomaa. Alasiri, ambayo "afternoon" inaimeza yote pamoja na adhuhuri bila kutafuna. Magharibi. Kutwa na kucha. Hata kitenzi: mtu anaulizwa ameamkaje, kisha anaulizwa ameshindaje, na kwa kuchagua kitenzi tayari umetaja wakati bila kutaja saa. Mwanafunzi wa isimu kutoka ng'ambo angeandika tasnifu nzima juu ya "umeshindaje". Sisi tunaifundisha kama tafsiri ya "how was your day" na kuendelea na ukurasa unaofuata.

Nilikwenda kile kituo cha afya. Nilimwona mhusika wa ujumbe wa simu, kijana mstaarabu, tukaongea vizuri, akaandika kwenye daftari lake kwamba wataandika saa nane mchana badala ya saa 2:00 mchana. Alisema mfumo unasimamiwa na watu wengine na atawafikishia.

Wiki iliyopita shangazi alinipigia. Ujumbe umekuja: Alhamisi, saa 3:00 mchana. Nikamwambia hiyo ni saa tisa, alasiri, asihangaike kudamka. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema atakwenda saa tatu asubuhi, ila safari hii atakunywa chai na kubeba viazi, kwa sababu huenda siku hiyo ujumbe umeandikwa na mtu anayejua Kiswahili.